Kisiwa cha Tufani ni mali ya yatima

Wakikutana watu wawili waliosoma Tufani, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, kuna swali lazima litokee, na likitokea hawaelewani: kile kisiwa ni cha nani na nani anastahili kukitawala? Mimi nabishana kuhusu hili tangu niko fomu faivu na saa hizi nina watoto wanaokaribia kufika huko, na nilichokiona miaka yote hii ni kwamba watu wengi wanalijibu kama vile wanafanya usaili wa kazi. Nani ana elimu, nani mstaarabu, nani ana tabia nzuri, haya huyo ndo apewe. Naomba leo nilipeleke swali pale ambapo mi naona ndo kwake, na mtu yeyote aliyekulia huku kwetu ataelewa bila kufundishwa. Kile kisiwa ni mali ya yatima.

Kwa aliyesahau, stori iko hivi. Prospero alikuwa mtawala wa Milan huko Italia, mdogo wake Antonio akampindua kwa kushirikiana na Alonso mfalme wa Naples, wakampakia Prospero na kitoto chake cha kike Miranda, ambaye hata miaka 3 hajafikisha, kwenye chombo kibovu kisicho na tanga wala mlingoti, chombo ambacho Prospero mwenyewe anasema hata panya walishakikimbia. Mzee mmoja wa Naples anaitwa Gonzalo aliwaonea huruma, akawawekea chakula, maji, nguo na vile vitabu ambavyo Prospero alivipenda kuliko nchi yake. Bahari ikawatupa kisiwani. Pale wakamkuta Caliban, aliyezaliwa hapo hapo, mama yake Sycorax alifukuzwa Algiers kwa uchawi akiwa na mimba, mabaharia wakamtelekeza, akajifungua, baadaye akafa. Wakamkuta na Ariel, pepo wa hewani, kabanwa ndani ya msonobari uliopasuliwa, kazi ya Sycorax hiyo. Prospero akamtoa Ariel akamfanya mtumishi wake, akamchukua Caliban, akatawala miaka 12, mpaka siku ambayo meli ya maadui zake inapita karibu ikitoka Tunis kwenye harusi ya binti wa mfalme, Prospero anaamsha tufani na wote wanaishia ufukweni kwake.

Sasa piga hesabu kidogo, maana watu hawapigi. Sycorax alifika na mimba. Ariel alikaa ndani ya mti miaka 12 na Sycorax alikufa katikati ya hiyo miaka. Kwahiyo siku Prospero anatia mguu mchangani, Caliban ni kijana wa miaka 12 au 13 hivi, au kazidi kidogo. Tunavyozoea kuona kwenye picha na stejini ni jitu zima lenye magamba linanguruma, na tunasahau kwamba mtu aliyempokea Prospero alikuwa mtoto. Mtoto asiye na mama, asiye na baba, asiye na ndugu, peke yake na mapepo na mawimbi. Huku pwani tuna jina la mtoto wa hivyo, na tuna maneno makali sana kwa mtu mzima anayefika, anamlea, alafu baada ya muda mfupi unakuta kila kitu kimekuwa chake yule mtu mzima. Tunasema anakula moto.

Na alimlea kweli, hilo nisilifiche. Caliban mwenyewe anakumbuka, na ndo sehemu inayoniuma kuliko zote kwenye mchezo mzima. Anamwambia Prospero ulipokuja mwanzo ulinipapasa, ukanijali, ukanipa maji yenye matunda ndani, ukanifundisha ile taa kubwa ya mchana inaitwaje na ile ndogo ya usiku inaitwaje, nikakupenda, nikakuonyesha kila kitu cha kisiwa, chemchemi za maji matamu, mashimo ya maji ya chumvi, wapi pakavu na wapi pana rutuba, nilaaniwe kwa kufanya hivyo. Soma hayo maneno polepole. Huyu ni mtoto aliyepata baba, akamwonyesha baba kila kitu alichonacho. Baba akishajua maji yako wapi hana shida tena na aliyemwonyesha.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale kisiwani mambo yalipinduka, mgeni ndo alimpa mwenyeji jembe. Au niseme shoka, maana kazi ya Caliban mchezo mzima ni kuni.

Alafu tuangalie ile pointi ambayo kwangu ndo kiini cha kesi. Caliban anasema waziwazi, kisiwa hiki ni changu, nimekirithi kwa mama yangu Sycorax, na wewe umeninyang'anya. Anaongeza kwamba mimi ndo raia pekee uliyenaye, mimi ambaye kabla yako nilikuwa mfalme wa nafsi yangu. Ni dai la wazi, lina msingi wake, lina jina la aliyemrithisha. Mtu akidaiwa hivyo anatakiwa ajibu kisiwa si chako kwa sababu hii na hii. Nenda kasome Prospero anajibu nini. Anamwita mtumwa muongo, alafu hapo hapo anahamia kwenye kosa alilofanya Caliban kwa Miranda. Hilo dai la kisiwa halijibu, si hapo wala baadaye. Kesi ya shamba kaijibu kwa kesi ya jinai. Kwenye mchezo mzima sehemu pekee anayoeleza amepataje kuwa bwana wa kile kisiwa ni mwishoni, anapojitambulisha kwa mfalme, anasema kwa njia ya ajabu nilifikishwa kwenye ufukwe huu ili niwe bwana wake. Basi! Yani bahari ndo iliyomwandikia hati.

Hii nimeiona kwa macho yangu nje ya vitabu. Kuna familia naijua, sitaitaja, baba mdogo alikabidhiwa nyumba ya marehemu kaka yake awatunzie watoto mpaka wakue. Alianza vizuri tu, ada analipa, chakula kipo. Mtoto mkubwa akaharibikiwa, akaiba, akafungwa kwa haki kabisa, alitenda kosa na hakukataa. Alipotoka akaulizia nyumba ya baba yake, na jibu alilopewa mbele ya watu ni mtu kama wewe wa kupewa nyumba? Wote pale tukanyamaza, maana kweli kijana alikuwa na doa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tulidanganywa pale, kwamba doa la kijana lilikuwa jambo moja na nyumba ilikuwa jambo lingine, na kwamba baba mdogo alihitaji lile doa kuliko mtu yeyote.

Sasa nije kwenye lile doa la Caliban, maana watetezi wake wengi hulipita mbiombio na mimi kama mwanamke na mama wa binti siwezi. Caliban alitaka kumbaka Miranda. Si uzushi wa Prospero, kwa sababu akiambiwa hakatai, anajibu laiti ningefanikiwa, usingenizuia ningeshakijaza kisiwa hiki akina Caliban. Hayo ni maneno mabaya na hakuna mateso aliyopitia yanayoyasafisha. Miranda ana haki ya kumchukia, ana haki ya kulindwa, ana haki ya kutomuona tena maisha yake yote. Kwenye chapa ya kwanza ya 1623 maneno makali anayotukanwa Caliban baada ya hapo, kwamba nilikuhurumia, nilihangaika kukufundisha kusema, ni ya Miranda, lakini wahariri wa baadaye kwa muda mrefu sana waliyahamishia kwa baba yake, eti binti hawezi kuongea hivyo. Mi nasema ni yake. Yeye ndiye aliyekosewa, na hasira ni yake.

Lakini hebu ona baba anafanya nini na hasira hiyo. Kabla hawajaenda kwa Caliban, Miranda anamwambia baba, huyo ni mtu mwovu, sipendi hata kumtazama. Baba anajibu, hata hivyo hatuwezi kukaa bila yeye, anatuwashia moto, anatuletea kuni, anafanya kazi zenye faida kwetu. Nilipoielewa hii laini nilifunga kitabu. Binti anasema sitaki kumuona na baba anasema kuni. Kama ile adhabu ingekuwa ni kwa ajili ya Miranda, Caliban angewekwa mbali, ng'ambo nyingine ya kisiwa, hata kwa zile nguvu za uchawi Prospero angeweza kumzuia asikanyage karibu. Badala yake anafungiwa kwenye jabali jirani na anakuja na mzigo kila siku. Kosa halikumpa Prospero kisiwa, kosa lilimpa sababu ya kuwa na mfanyakazi asiyelipwa, na yule msichana aliyekosewa akawa ndo kisingizio cha jambo ambalo mwenyewe halitaki.

Na kuhusu kuni, kuna kitu kingine. Ferdinand, mtoto wa mfalme wa Naples, naye anabebeshwa magogo, maelfu ya magogo, kazi ile ile ya Caliban. Kwake ni jaribio la saa chache na mwisho wake ni harusi. Shakespeare kaziweka hizo mbili karibu karibu, onyesho moja Caliban anaingia na mzigo wa kuni, linalofuata Ferdinand anaingia na gogo. Nani kazaliwa wapi ndo inaamua kama mzigo una mwisho.

Watu wataniambia sawa, haki ya mirathi anayo, ila je anafaa kutawala? Swali tunaloulizwa ni nani anastahili. Haya, tuanze na rekodi ya huyo mwingine. Prospero alipewa Milan, nchi kamili, akafanya nini? Anasimulia mwenyewe, kwamba alijifungia na vitabu, maktaba yake ilimtosha kuwa ndo nchi yake, serikali akamtupia mdogo wake, akawa mgeni kwenye nchi yake mwenyewe. Hiyo ni CV ya mtu aliyeacha ofisi. Kisiwani hajajenga kitu, hajapanda kitu ambacho tunakisikia, anatawala raia wawili kwa namna mbili, mmoja kwa maumivu ya mishipa na kubanwa mbavu usiku kucha, mwingine kwa deni. Ariel akidai uhuru wake alioahidiwa, anakumbushwa msonobari, na Prospero anasema lazima nikukumbushe kila mwezi, alafu anamtishia kwamba akilalamika tena atapasua mwaloni ambane humo apige kelele miaka 12. Miaka 12, ile ile ya Sycorax. Mtu anayejiita mkombozi wa Ariel anamtishia kwa adhabu ile ile aliyomkomboa nayo, hata idadi ya miaka hajabadilisha.

Nikifika kwa Ariel kuna wasomaji wanasema huyu ndo mwenyeji wa kwanza kabisa, ampishe kila mtu. Mi sikatai kwamba ana madai makubwa, ila dai lake ni la uhuru, ardhi hajawahi kuiomba. Mchezo mzima anauliza swali moja tu, lini utaniachia. Na yeye ndiye mwenye moyo kuliko wote pale, maana ni yeye anayemwambia Prospero kwamba ukiwaona hao wafungwa wako ungewahurumia, mimi ningewahurumia kama ningekuwa binadamu. Pepo anamfundisha binadamu ubinadamu! Apewe uhuru wake na hewa yake yote.

Gonzalo naye anaota, anasema angepewa kisiwa hiki asingeweka biashara, wala mahakimu, wala utajiri wala umaskini, wala kazi, wala mfalme, na wenzake wanamcheka kwamba hakuna mfalme lakini yeye ndo awe mfalme. Ni mzee mwema, ila hata yeye hajauliza kama kuna mtu anaishi pale. Antonio na Sebastian, ndugu wa mfalme, hawajamaliza hata siku moja nchi kavu tayari wanapanga kumuua mfalme akiwa amelala. Hao siwajadili.

Stephano lazima nimjadili kidogo kwa sababu hapo ndo hoja dhidi ya Caliban inapopata nguvu. Stephano ni mtumishi wa mfalme anayeshughulika na vinywaji, kaokoka kwa kupanda pipa la mvinyo, anamwonjesha Caliban, na Caliban anapiga magoti, anaomba kulamba kiatu chake, anaahidi kumwonyesha chemchemi bora, kumchumia matunda, kumvulia samaki, kumletea kuni za kutosha. Watu wanasema ona, mtu wa kumwabudu mlevi ndo umpe nchi? Mi naona kitu kingine kabisa pale. Linganisha na alivyompokea Prospero. Ni yale yale, chemchemi, matunda, mapenzi. Yule mtoto wa miaka 12 hajakua, bado anampa kila mgeni anayemtendea wema mara ya kwanza kila alichonacho, kwa sababu katika maisha yake amewaona watawala wa namna moja tu, anayekuja na kitu cha kunywesha. Maji yenye matunda mwanzo, mvinyo mara ya pili. Hicho ni kidonda, na aliyekisababisha hawezi kukitumia kama ushahidi kwamba mgonjwa hafai.

Tena hata humo ndani ya ulevi yeye ndiye mwenye akili ya kisiasa kuliko wenzake, Stephano na Trinculo mchekeshaji wa mfalme. Wanapopanga kumuua Prospero, ndiye anayejua nguvu yake iko wapi, anawaambia kwanza chukueni vitabu vyake, bila vitabu ni mjinga kama mimi tu. Wakifika mlangoni pa pango, Stephano na Trinculo wanaona nguo za kung'aa zimetundikwa wanazivamia kama wako mnadani, na Caliban peke yake anawasihi waache takataka hizo wafanye kilichowaleta. Hawamsikii, wanakimbizwa na mapepo yenye sura za mbwa. Baadaye anasema mwenyewe nilikuwa punda mara tatu kwa kumfanya mlevi yule mungu wangu. Mtawala anayejua kusema nilikosea! Ni wangapi pale wanaosema hivyo kwa hiari yao? Antonio amesamehewa mbele ya umati na neno la majuto halijamtoka.

Alafu kuna lile la lugha. Miranda anasema walimkuta anabwabwaja tu kama mnyama, wakampa maneno. Mi hii siiamini na ushahidi umo humo humo kwenye mchezo. Caliban anamjua mungu wa mama yake kwa jina, Setebos. Nani alimfundisha hilo jina? Si Prospero. Mama wa Algiers alikuwa na lugha yake na aliongea na mwanae, na mwanae aliishika walau kiasi cha kujua wanamwomba nani. Wageni walisikia kitu wasichokielewa wakakiita kelele. Na huyu anayedaiwa kuwa hakuwa na maneno ndiye anayesema maneno mazuri kuliko yote kuhusu kile kisiwa, akiwatuliza walevi wawili walioogopa muziki wa Ariel, kwamba msiogope, kisiwa kimejaa sauti, milio na nyimbo tamu zisizodhuru, mara nyingine ala elfu zinavuma masikioni mwangu, mara sauti ambazo hata kama nimetoka usingizini zinanirudisha kulala, nikiota naona mawingu yanafunguka utajiri unataka kunidondokea, nikiamka nalia nikitamani kuota tena. Anayasema kwa ushairi, na wale Waitaliano walio naye, Stephano na Trinculo, wanaongea nathari ya kawaida. Hakuna mtu mwingine kwenye mchezo anayekisikiliza kisiwa hivyo. Prospero akiongelea kisiwa anaongelea Milan. Kwake pale ni kituo cha kusubiria basi, miaka 12 amekaa juu ya begi lake.

Na Milan yenyewe, tuiangalie, kwa sababu hapa ndo naona Shakespeare ameficha jambo kubwa. Kosa la Antonio lilikuwa nini? Alikuwa msimamizi akajifanya mwenye mali. Kaka alimwamini na uendeshaji wa nchi, akajua nani apewe cheo nani anyimwe, taratibu akajiona yeye ndo mtawala, mwisho akamtoa mwenye nchi, na ili afanikiwe akaiweka Milan chini ya Naples, ilipe kodi. Prospero analisimulia hilo kwa uchungu mkubwa mwanzoni, na kwenye onyesho lile lile, dakika chache tu baadaye, Caliban anasimulia yake, nilikuamini, nikakuonyesha, ukaninyang'anya. Ni simulizi moja imesemwa na watu wawili. Aliyeisema mwanzo haisikii anaposimuliwa. Na mwishoni Prospero anamwoza Miranda kwa mrithi wa Naples, kwahiyo Milan inarudi chini ya Naples kwa njia ya harusi, jambo lile lile alilomlaumu mdogo wake. Miranda mwenyewe, aliyekulia pale tangu hajui kusema vizuri, ambaye kisiwa ni kwao kwa kukua hata kama si kwa kuzaliwa, hakuna anayemuuliza kama anataka kubaki. Kama kuna mtu wa pili mwenye dai la kweli ni yeye, na nasikitika kwamba mchezo haumpi hata sekunde ya kulisema.

Kuna wanaojibu kwamba tunamzushia Shakespeare, kwamba hakuwa na habari za ukoloni, alikuwa anaandika hadithi ya mapepo. Tuangalie tarehe. Mwaka 1609 meli ya Sea Venture ilikuwa inapeleka watu Jamestown, Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, ikapigwa na dhoruba ikakwama kisiwa cha Bermuda. Watu wote wakaokoka, wakajenga vyombo viwili, wakaondoka 1610, na habari zao zikafika London mwaka huo huo. Mwaka 1611, tarehe 1 Novemba, Tufani inachezwa mbele ya Mfalme James. Na Bermuda imetajwa ndani ya mchezo kwa jina. Sasa kitu ninachotaka ukishike ni hiki, Bermuda ilikuwa haina watu. Kweli kabisa haikuwa na mtu. Shakespeare angeweza kukiacha kisiwa chake hivyo hivyo kitupu, Prospero na mwanae na mapepo, na stori ya kisasi na msamaha ingesimama. Yeye akaamua kuweka mtu, na yule mtu akampa maneno ya kusema hiki ni changu. Virginia ndiko kulikokuwa na wenyeji. Hakulazimishwa na mtu kulileta hilo dai, amelileta mwenyewe. Alafu waliochapa kitabu 1623 wakaandika mwishoni kwamba mahali pa mchezo ni kisiwa kisichokaliwa na watu, na mistari michache chini yake kwenye orodha ya wahusika yupo Caliban, kaandikwa mtumwa. Kisiwa hakina watu, ila kina mtumwa. Hiyo karatasi moja inatosha kunionyesha jinsi mtu anavyofutwa kwenye kwao akiwa bado amesimama.

Walioonewa waliisoma vizuri hii kesi. Pale gereza la Robben Island, Afrika Kusini, mfungwa mmoja wa kisiasa, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu cha michezo yote ya Shakespeare, akakifunika kwa kadi za Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini. Kikazunguka kwa wenzake, kila mmoja akaweka sahihi pembeni ya maneno aliyoyapenda. Mandela alichagua Julius Caesar, Desemba 1977. Billy Nair, mtu aliyefungwa miaka 20, akachagua Tufani, na sehemu aliyoweka sahihi ni ile, kisiwa hiki ni changu kwa mama yangu Sycorax. Mtu amefungiwa kwenye kisiwa, katika nchi yake, na wageni walioichukua, anasaini hapo. Sijui uchambuzi gani wa chuo kikuu unaweza kuushinda huo.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu yetu ya kuusogelea mchezo huu. Mwaka 1969 S. S. Mushi, aliyekuwa ameshatafsiri Makbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare, aliitafsiri Tufani kwa Kiswahili. Mwaka huo huo mshairi Aimé Césaire wa Martinique, huko Karibiani, aliuandika upya mchezo huu kwa Kifaransa kwa ajili ya ukumbi wa watu weusi, na Caliban wake akiingia stejini neno la kwanza kumtoka mdomoni ni Uhuru. Neno letu. Alikuwa na Kifaransa chote cha kuchagua na akachukua neno la huku. Kila nikikumbuka hilo najisikia kwamba hatuna ruhusa ya kusoma mchezo huu kama wageni waalikwa.

Kwahiyo jibu langu ni Caliban, na silisemi kwa sababu ya mama yake tu, maana Sycorax mwenyewe alifika na kutesa aliyemkuta. Nasema Caliban kwa sababu alizaliwa pale, anajua maji yako wapi, anazisikia sauti zake, na siku meli ikiondoka ni yeye asiye na Milan wala Naples ya kurudi. Ashtakiwe kwa kosa lake kwa Miranda, aadhibiwe, na adhabu ikiisha kisiwa kiwe bado ni chake.

Prospero kwenye saa yake ya mwisho anakaribia kabisa kulisema. Anamnyooshea kidole mbele ya wafalme anasema huyu kiumbe wa giza namkiri kuwa wangu. Wasomaji wengi wanalia hapo, wanaona baba anamkubali mtoto. Mi nimelisoma mara nyingi nikitamani iwe hivyo, ila neno ni wangu, na Caliban alikuwa anadai neno changu. Baada ya hapo Prospero anamtuma pangoni na wenzake, akapasafishe vizuri wageni walale, kama anataka msamaha. Caliban anasema sawa, nitakuwa na busara kuanzia sasa, anaondoka kwenda kufagia. Kisha Prospero anamgeukia Ariel, anampa kazi ya mwisho ya upepo mzuri wa safari, anamwambia uwe huru, kwaheri. Asubuhi meli inaondoka. Yule wa pangoni hakuna aliyemwambia kitu.